UZI: Kutembeza watoto wa kambi ya likizo kwenye mikoko na msituni, tupeane mbinu za kweli

#1 MleziWaKambi

Wakuu, habari za jioni. Likizo ya Juni tuna kambi ya siku tano hapa Dar, watoto 24, umri miaka 7 hadi 12. Siku mbili ni za matembezi: moja mikoko ya Kunduchi, nyingine msitu wa Pugu. Ratiba ya sasa ni kutembea kilomita 6 kila siku, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, watoto wote pamoja, watu wazima wanne. Muelekezi atakuwa anasimama na kueleza mti mmoja mmoja. Naomba mnikosoe bila huruma kabla sijachapisha.

#2 MchuMkavu

Mkuu, kilomita 6 futa kabisa. Mtoto wa miaka 7 anayetazama vitu kweli huenda kilomita moja kwa saa. Akienda zaidi ya hapo, ujue alichotazama ni mgongo wa mwenzake. Mikoko panga mita 600 hadi 800, kwenda na kurudi, saa moja na nusu, vituo sita. Pugu kilomita moja na nusu, saa mbili, vituo saba au vinane. Wakubwa watalalamika ni fupi. Waache walalamike, watoto wakirudi na hamu ndiyo tunachotaka.

Watoto 24 kwa mkupuo ni mkutano wa hadhara. Wa nyuma hawasikii, na hapo ndipo kusukumana kunapoanza. Gawa makundi mawili ya 12, miaka 7–9 na 10–12. Kila kundi watu wazima watatu: kiongozi mbele, mfungaji nyuma ambaye hapitwi na mtoto yeyote, na mmoja katikati asiye na kazi nyingine. Huyo wa katikati asipewe kamera. Kila kambi humpa yeye kupiga picha, na macho yake yanahamia kwenye kioo cha simu. Makundi yapishane dakika 25.

Njia ikaguliwe siku moja au mbili kabla, saa ileile mtakayotembea. Jua la saa 3 haliko pale lilipo saa 5, na nyigu anayejenga kwenye tawi la chini hakuwepo wiki iliyopita. Unatafuta vitu vinne: mahali watoto 12 wanapoweza kusimama duara bila kukanyaga mizizi, kivuli, wapi simu inashika mtandao, na gari linaweza kufika umbali gani kutoka kila kituo. Andika kwenye karatasi. Kichwani utasahau.

Halafu kibali. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi, hata ile iliyo nyuma ya nyumba za watu, kwa hiyo unaanzia TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kisha unatoa taarifa serikali ya mtaa. Msiibuke tu na basi.

#3 Bi_Kupwa

Kutoka Unguja. Ndugu yangu, umeandika saa 3 asubuhi kama vile bahari inasoma ratiba yako. Kwenye mikoko saa haipangwi na mlezi, inapangwa na mwezi.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu baadaye, ni bamvua. Hapo maji hujaa sana na hukupwa sana (yaani hutoka mbali), na pwani yetu hii kupwa ya bamvua huangukia kama saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Hizo ndizo siku zako. Maji mafu, yaani wiki inayofuata, kupwa inahamia alasiri na maji hayatoki vya kutosha. Utawasimamisha watoto asubuhi mbele ya maji matupu. Kila siku kupwa husogea mbele kama dakika 50 kwa wastani, basi tofauti ya siku mbili tu inabadilisha kila kitu. Chukua jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, usitegemee kukisia kwa mwezi peke yake.

Kanuni ya kuingia: ingia saa moja na nusu kabla ya kupwa, ukifuata maji yanavyotoka. Kupwa ikifika, mnageuka. Watu wengi wanaingia wakati wa kupwa yenyewe kwa kuwa ndipo panapopendeza, wakageuka maji yamekwisha kuwazunguka.

Kwa nini inadanganya? Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Tuseme tofauti ya kupwa na kujaa siku hiyo ni mita 3.6. Saa ya kwanza yanapanda moja ya kumi na mbili, kama sentimita 30, na mtu anasema bado tuna wakati. Saa ya pili sentimita 60. Ya tatu 90. Na hayaji kwa mbele kama ukuta, yanapita kwanza kwenye vijito vya nyuma yako. Kijito ulichovuka kikiwa kikavu ndicho kitakachokufungia njia. Kwa hiyo njia ya watoto isivuke kijito hata kimoja. Basi.

#4 MtuWaGazi

Bi Kupwa amemaliza upande wa maji. Mimi niongeze matope, kutoka Kwale, pwani ya Kenya.

Kama mna watoto wa miaka 7, njia ya mbao ndiyo salama zaidi. Huku kwetu ipo ya akina mama wa Gazi, ipo ya Mida karibu na Watamu, na kwa Bi Kupwa ipo ya Pete pale Jozani. Kagua mbao moja moja kwa kukanyaga, hasa zile za kwenye kona. Na watoto 12 wasiegemee ukingo mmoja kutazama kaa mmoja. Wape namba, shufwa kulia, witiri kushoto.

Mkitembea kwenye matope yenyewe, viatu ndiyo habari yote:

– Kandambili: zitabaki topeni hatua ya kumi.
– Buti za mvua: zikiingia tope juu ya kifundo hazitoki, mtoto anatoka na soksi.
– Peku: hapana. Mizizi ya mkoko imejaa chaza, na ganda la chaza linakata kama wembe.
– Raba kuukuu za kufunga kamba, kamba zimekazwa, na soksi ndefu. Ndizo hizo.

Mtoto akinasa, kosa la kwanza ni kumvuta mikono juu. Tope limefanya ombwe chini ya kisigino, ukivuta unaumiza goti. Mwambie akae nyuma kidogo kama anayekalia kigoda, achezeshe vidole, wewe chimba kwa mkono nyuma ya kisigino hewa iingie. Mguu unatoka wenyewe. Beba ubao mmoja wa futi nne, mfungaji aubebe.

#5 BabaWawili

Mnaongea kaa na matope. Nyoka je? Na upupu? Mzazi anataka kusikia hayo kabla ya kutia sahihi.

#6 NesiWaPori

Baba Wawili, swali la haki, ila nyoka siyo wa kwanza kwenye orodha. Kinachorudisha watoto kambini kabla ya wakati ni jua na kiu, kisha nyuki na nyigu, kisha kukwaruzwa. Nianze na hilo.

*Maji.* Lita moja kwa mtoto, lita moja na nusu kwa mtu mzima. Watoto 24 na watu wazima 6 ni lita 33, ongeza 10 za kunawa na kuosha majeraha. Madumu mawili ya lita 20 hayatoshi, chukueni matatu. Wanywe kila kituo kwa amri, si kwa kiu. Akichoka na kuumwa kichwa: kivuli, maji ya chumvi na sukari (lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha). Akianza kuchanganyikiwa au kutapika mfululizo, hiyo ni hospitali. Mmwagieni maji na kumpepea njia nzima.

*Fomu ya mzazi.* Iulize kwa majina: pumu, kifafa, selimundu, mzio wa nyuki au chakula. Usiandike tu "ana tatizo lolote la kiafya?" kwa sababu mzazi atajibu hapana. Mtoto wa selimundu anaweza kwenda, ila kiu, baridi na kuchoka kupita kiasi vinaweza kumwamshia maumivu. Kundi lake lisikimbie, na akilowa abadilishe nguo mara moja. Dawa ya pumu ya kuvuta ikae mfukoni mwa kiongozi wa kundi, siyo kwenye begi ndani ya basi. Hilo la begi kwenye basi ni kosa la kila mahali.

*Nyuki.* Wakichokozwa, watoto wakimbie moja kwa moja njia waliyojia, wamefunika uso kwa shati, hadi ndani ya gari. Msipunge mikono, msijitose majini. Mwiba utolewe haraka, kwa ukucha au chochote. Kuchelewa kutafuta kifaa ni kubaya kuliko kuutoa vibaya. Akivimba midomo au kukosa pumzi, hapana kusubiri.

*Siafu.* Wamekanyaga msafara: nendeni hatua 20 mbali kwanza, ndipo mvue na kuwatoa mmoja mmoja. Kusimama palepale mkipangusa ni kuwakaribisha wengine.

*Upupu.* Baada ya masika unapanda miti, na kuanzia katikati ya mwaka maganda yanakauka na manyoya yanapeperuka. Usikune, usisugue, usianze na maji. Bandika utepe wa gundi (selotepu), ubandue, rudia na kipande kipya hadi manyoya yatoke, kisha osha kwa sabuni. Nguo zake zitengwe.

*Nyoka.* Mfungaji na kiongozi wanapiga chini kwa fimbo, hakuna mkono kuingia shimoni au chini ya gogo. Akiumwa: atulie, avuliwe pete, bangili na kiatu, mguu ufungiwe kijiti usicheze, abebwe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba kukata damu, na jiwe jeusi liache nyumbani. Kabla ya safari pigeni simu kuuliza ni hospitali gani ya karibu yenye dawa ya sumu ya nyoka. Si kila kituo kinayo.

*Kichocho.* Watoto wasiingie kwenye mabwawa wala vijito vya maji baridi huko Pugu, hata kunawa. Maji ya bahari hayana shida hiyo.

Kwenye mikoko na miamba: konokono wa umbo la koni haokotwi, hata akionekana mfu. Akichomwa na taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) au yule samaki anayefanana na jiwe, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia (mtu mzima ayajaribu kwanza kwa mkono wake) dakika 30 na zaidi huku mnaelekea hospitali. Kwa hiyo chupa ya chai yenye maji ya moto iwemo.

#7 MchuMkavu

Nesi, hiyo ya chupa ya chai wengi hawaijui. Asante.

Sasa vituo vya mikoko, maana hapa ndipo ratiba ya mleta uzi inapofia. "Muelekezi anasimama na kueleza mti mmoja mmoja" ni darasa lenye mbu. Kanuni yangu: jina lije mwisho. Ukisema "huu unaitwa mchu" mtoto ameshamaliza nao, amepata jibu la mtihani. Kwanza afanye kitu, aone kitu cha ajabu, aulize, ndipo umpe jina kama zawadi.

Kituo 1, *chumvi.* Kila mtoto achague jani la mti wenye mizizi iliyochomoza kama penseli, alilambe. Kisha jani la mti wenye mizizi kama miguu ya buibui. La kwanza lina chumvi, la pili halina. Kwa nini? Waache wabishane dakika mbili. Mchu hutoa chumvi nje kupitia majani, mkoko huizuia sehemu kubwa kuanzia mizizini. Zingatia mambo mawili. Isifanyike siku ya mvua kwa kuwa chumvi imeoshwa, na isifanyike jirani na mfereji wa majitaka. Dar iko nayo mingi. Ukiwa na shaka, tazameni chembe za chumvi kwa lenzi, msilambe.

Kituo 2, *kaa.* Wakae chini au wachuchumae mita tatu kutoka matundu, dakika tano bila kusogea. Kaa wanarudi juu kwenye dakika ya tatu hivi, na dume lenye gando moja kubwa litaanza kulipunga. Watoto wahesabu wenye gando kubwa na wasio nalo. Inaharibika pale mtu mzima anapotembea nyuma yao, maana kaa wanaona kivuli. Hivyo jua lisiwe mgongoni mwenu.

Kituo 3, *tondo.* Dondosha jani la manjano la mkoko kwenye tope bichi, chora duara la nusu mita, mwendelee na kingine. Mkirudi baada ya dakika 15 hesabuni tondo waliokuja. Wanakula majani yaliyoanguka, na mmoja akianza kutafuna wengine humfuata. Tope likikauka hawatembei, kwa hiyo kituo hiki kiwe upande wa baharini.

Kituo 4, *mche unaozaliwa mtini.* Ule mrefu wa kijani unaoning'inia kama panga dogo. Tafuteni ulioanguka, msichume. Pimeni, mara nyingi hupita sentimita 40. Uwekeni kwenye ndoo ya maji ya bahari, unaelea ukiwa umelala. Ulioelea siku nyingi husimama wima. Chukueni mmoja hadi kambini, wauchunguze kila asubuhi.

Cha tano na cha sita vitajitokeza vyenyewe njiani, lazima kuwe na nafasi ya mtoto kuona usichokipanga. Mara nyingi ni yule samaki anayerukaruka topeni, na hapo hata ungekuwa na hotuba gani, weka pembeni.

#8 BabaWawili

Mkuu Mchu, sikubaliani na jina kuja mwisho. Watoto wa mjini hawana hata majina. Akisharudi nyumbani atamwambia nini bibi yake, "nimeona mti wa penseli"?

#9 Bi_Kupwa

Baba Wawili ana hoja nusu. Majina yetu si lebo tu, mengine ni maelezo. Mwoneshe mtoto yule kiumbe wa baharini wa mikono mitano, mgeuze taratibu ndani ya maji, muulize kingekuwa samani kingekuwa samani ya nani. Ndipo umwambie: kiti cha pweza. Hasahau. Jongoo bahari vilevile, atalitaja mwenyewe kabla yako.

Kwa mikoko, mchukueni mzee mmoja wa hapo hapo anayejua mkoko unakwenda kwenye boriti, mchu unakwenda kwenye nini, msinzi unajulikana kwa mizizi iliyopinda kama goti. Mlipeni siku nzima, si nauli tu. Lakini mumweleze kabla: dakika mbili kila kituo, kisha watoto waulize. Mzee akiachiwa atafika enzi za majahazi, na maji hayamsubiri.

Mkitofautiana jina, msibishane mbele ya watoto. Mkandaa wa Tanga waweza kuwa na jina jingine Lamu. Andikeni yote mawili.

#10 Jongoo_la_Pugu

Niingie upande wa msitu, maana mikoko imekula uzi wote.

Pugu watoto wanatarajia simba. Waambieni mapema kwenye basi kwamba leo ni siku ya wadogo, la sivyo nusu saa ya kwanza ni "wanyama wako wapi?"

Vifaa: kamba nne za mita nne kila moja, zimefungwa ncha. Ukiitandaza mraba inatoa mita moja kwa moja. Watoto watatu kila mraba, dakika 10, kijiti kimoja cha kufunulia majani, kazi ni kuorodhesha kila kinachotembea. Majani yarudishwe yalivyokuwa. Shuka moja jeupe: lishike chini ya tawi, tikisa tawi mara tatu wadudu waangukie humo, usilipige. Miwani ya kukuza nunua ya mara 3, ile kubwa ya mviringo. Lenzi ya mara 10 lazima igusane na jicho na kitu kikae sentimita mbili na nusu tu, mtoto wa miaka 7 hawezi, ataona ukungu na kukasirika. Wakubwa wa miaka 11 wape.

Jongoo aachwe atembee juu ya kijiti, si kiganjani. Majimaji yake yanachafua ngozi, na mkono ukienda jichoni ni kilio. Mnyaa vivyo hivyo, utomvu wake ni hatari kwa macho. Upo kwenye nyua za njiani, msiruhusu mtoto avunje tawi.

Yule mdudu anayechimba shimo la faneli kwenye vumbi laini, kila mtaa una jina lake na wimbo wake wa kumwita. Waulize watoto kwanza wanamwitaje. Dondosha sisimizi mmoja ukingoni, subiri. Kimya kinachofuata hakuna mwalimu anayekipata darasani.

Kuhusu kupotea: kila mtoto ana namba 1 hadi 12, wanahesabu kila kituo, kabla na baada. Tatizo lake ni kwamba rafiki humjibia rafiki, kwa hiyo mfungaji ahesabu kwa macho pia. Kila mtoto na firimbi ndani ya shati. Akipotea, anakaa chini ya mti mkubwa wa karibu, anapuliza mara tatu, anatulia, anarudia. Hatembei kututafuta. Na kabla ya kuondoka wapeni dakika moja wote wapulize wapendavyo, la sivyo watapuliza njia nzima.

#11 MleziWaKambi

Nimeshukuru sana wakuu, dada zangu na kaka zangu. Nimepanga upya, nione kama nimeelewa:

Mikoko: siku ya pili baada ya mwezi mpevu, kupwa saa 4:40 asubuhi kwa jedwali. Kundi dogo linaingia saa 3:10, kundi kubwa saa 3:35. Wote wanageuka saa 4:40, kunawa, kifungua kinywa cha pili saa 5:15. Pugu siku ya nne, kuanzia saa 2:30. Watu wazima 6, mzee mmoja wa Kunduchi, maji madumu matatu, chupa ya chai, ubao. Vituo vinne vya Mchu, viwili wazi.

#12 MchuMkavu

Karibu kabisa. Rekebisha matatu. Mzee ni mmoja na makundi mawili: aanze na dogo, kundi kubwa limkute kituo cha tondo, huko ndiko dogo linaporudia kuhesabu. Pili, wanaogeuka saa 4:40 wawe wakubwa, wadogo wageuke saa 4:15. Wana miguu mifupi, na wakikutana na wakubwa kwenye njia nyembamba mnapata foleni ya watoto 24 topeni.

La tatu, viatu. Toa tangazo kwa wazazi leo, siyo siku moja kabla, na mbebe jozi tano za ziada za saizi tofauti. Kuna mtoto atakuja na kandambili, hata ukiandika kwa herufi kubwa.

#13 Bi_Kupwa

Na mpige simu kwa wavuvi wa hapo asubuhi yenyewe, saa 12. Upepo wa kusi ukiwa mkali Juni, maji yanaweza kuchelewa kutoka kuliko jedwali linavyosema. Wakikwambia bado yamekaa, anzeni na kituo cha mchu pale juu pakavu na mpunguze kimoja cha mbele. Saa ya kugeuka haibadiliki.